Walaji wa Shaba: Bustani Tatu, kutoka Msimbazi hadi Lubumbashi

Dar es Salaam, bonde la Msimbazi

Saa kumi na mbili asubuhi bonde limeshaamka. Vijana wawili wanapishana kwenye njia nyembamba katikati ya matuta, kila mmoja na keni mbili za maji, na juu barabarani makondakta wanaita abiria. Mchicha umesimama wima, majani mapana, kijani cha kutia hamu. Kwenye tuta la mwisho mama mmoja wa makamo ameinama, anang'oa mchicha na kuufunga mafungu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Unataka tuta zima au mafungu?"

Nilimweleza kwamba sikuja kununua. Naandika habari za udongo na mboga, na siku hiyo hiyo nilikuwa napanda treni ya TAZARA kwenda Zambia, kisha Kongo, nikatazame bustani zilizo karibu na machimbo ya zamani. Nilitaka kuanza na za nyumbani. Akauliza kwa nini nianze na yake. Nikamwonyesha mto. Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita nyuma ya viwanda na karibu na machinjio ya Vingunguti, unapokea maji ya mitaro ya mjini, kisha unaingia baharini karibu na Daraja la Selander. Maji hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye keni.

Mama hakukasirika. Alichuma jani moja akanipa. "Tazama mwenyewe. Mmea wenye sumu hunyauka. Huu mbona umenawiri?"

Sikuwa na jibu fupi la kumpa. Nililiandika swali lake kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, nikaahidi kurudi nalo.

Jibu refu linaanzia kwenye mzizi. Mmea hunywa vitu vilivyoyeyuka kwenye maji ya udongo, na kila kitu kina mlango wake: upo mlango wa zinki, wa chuma, wa manganizi, wa fosfeti. Bila vyakula hivyo mmea haukui, kwa hiyo milango haiwezi kufungwa moja kwa moja. Sasa ipo metali iitwayo kadimi. Inatoka kwenye betri za aina fulani, rangi, plastiki, majitaka ya viwandani na hata baadhi ya mbolea za fosfeti. Katika jedwali la elementi kadimi imekaa chini ya zinki, kama mdogo wake, na sura zao zinakaribiana mno. Inapofika mlangoni, mzizi unaipokea kama mwenyeji.

Ikishaingia, mmea unajitetea. Seli hutengeneza minyororo mifupi yenye salfa, iitwayo fitokelatini, ambayo wanasayansi wa Munich, Ujerumani, waliitambua mwaka 1985. Minyororo hiyo huikumbatia kadimi kama pweza anavyomkumbatia kaa, kisha sumu inasukumwa ndani ya kifuko cha akiba kilichomo katika kila seli. Humo inakaa imefungwa, na jani linaendelea kunywa jua kana kwamba hakuna lililotokea. Taabu ni kwamba kifuko hicho kimo ndani ya jani, na jani ndilo tunalotia sufuriani.

Mwaka 1999 wanakemia Bahemuka na Mubofu walichapisha vipimo vya mboga zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi. Walipima shaba, zinki, risasi na kadimi kwenye majani ambayo mji huu unayala kila siku. Tangu hapo wamekuja wengine kupima, na bonde limebaki kuwa somo la vyuo vikuu. Katika matuta niliyoyapita asubuhi ile sikukutana na mkulima hata mmoja aliyewahi kuonyeshwa karatasi ya vipimo vya udongo wake.

Ndani ya treni, Kilombero hadi Mbeya

Reli hii ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ili shaba ya Zambia ipate njia ya baharini bila kupita kwenye nchi za wabaguzi wa kusini. Wazee wanaiita Reli ya Uhuru. Mimi naifuata kinyume, kutoka bandarini kwenda kwenye mgodi, kama mtu anayefuata mto kwenda kwenye chemchemi.

Bonde la Kilombero lilikuwa limejaa mpunga pande zote. Nilikaa dirishani nikawaza habari ya mpunga wa nchi nyingine. Huko Toyama, Japani, mto Jinzu ulikuwa ukipokea uchafu wa mgodi wa Kamioka, na wakulima wakiyaelekeza maji yake kwenye majaruba. Mpunga ulistawi. Watu wakala wali ule miaka mingi, na hatimaye wanawake, hasa waliovuka umri wa kuzaa, wakaanza kuumwa mifupa. Mifupa ilikuwa laini, ikivunjika kwa kukohoa tu. Ugonjwa ukaitwa itai-itai, maana yake "inauma, inauma". Mwaka 1968 serikali ya Japani ilikiri kwamba chanzo chake ni kadimi. Kuponya udongo wa majaruba yale kwa kuufunika kwa udongo safi kulianza mwaka 1979 na kukamilika 2012.

Toyama inanifundisha mambo mawili. Kwanza, mpunga ulionawiri haukuwashtua watu. Pili, sumu ikishaingia udongoni, kuiondoa kunaweza kudai kazi ya miaka zaidi ya thelathini. Kadimi ikiingia mwilini hukaa kwenye figo miongo na miongo, kwa hiyo fungu moja la mchicha si kitu. Fungu la kila siku kwa miaka ishirini ndilo jambo la kuhesabu.

Mpunga una siri nyingine. Jaruba likijaa maji, aseniki iliyomo kwenye udongo hugeuka umbo na kupita mlango wa silika, chakula ambacho mpunga unakipenda sana kwa ajili ya kuimarisha bua lake. Ukikausha jaruba, aseniki inapungua, lakini kadimi inalegea na kuanza kupita. Mkulima akikwepa huku, anakutana na ile nyingine kule. Ndiyo maana watafiti wa Japani walitafuta njia ya tatu: mwaka 2012 walitangaza mbegu ya mpunga ambayo mlango wake wa manganizi, ambao kadimi huutumia, umeharibiwa makusudi. Mpunga huo unakua vizuri, na karibu kadimi yote inabaki nje.

Tulipofika Mbeya, abiria wa kiti cha mbele yangu, mzee aliyewahi kuchimba dhahabu, alinisimulia jinsi walivyokuwa wakichoma zebaki kwenye kikaango ili ibaki dhahabu tupu. Nikamwuliza kulikuwa na nini karibu. "Mihogo tu, mwanangu." Zebaki ikichomwa hupanda hewani, na jani lina vinywa vyake vidogo vya kupumulia, mvuke huo unaingia kupitia vinywa hivyo bila kugusa mzizi. Huko Rwamagasa, Geita, watafiti waliopima mihogo walikuta zebaki nyingi zaidi kwenye majani kuliko kwenye mizizi. Niliandika daftarini: mhogo wenyewe ni afadhali, kisamvu ndicho cha kuogopa.

Kwa hiyo kabla ya kuvuka mpaka wa Tunduma nilikuwa na milango miwili: mzizi na pumzi ya jani. Mlango wa tatu ulikuwa unaningoja Kabwe.

Kabwe

Kutoka Kapiri Mposhi basi halikuchukua muda mrefu. Kabwe ni mji mtulivu wenye miti mikubwa na barabara pana. Zamani uliitwa Broken Hill, na mgodi wake wa risasi na zinki ulifanya kazi tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi 1994. Ulipofungwa, watu walibaki, na vumbi likabaki. Rundo kubwa la taka za mgodi linaitwa Mlima Mweusi. Mitaa ya Kasanda, Makululu na Chowa iko jirani, na kwa miaka mingi upepo uliisogezea vumbi la tanuru.

Hapa lugha yangu iliishia njiani. Kijana mmoja wa Kasanda aliyekuwa amefanya kazi Tunduma akanitafsiria. Alinipeleka kwa shangazi yake, na yule mama, kabla hajazungumza neno, alinyunyiza maji uani ili vumbi litulie ndipo tukae. Nilidhani ni heshima kwa mgeni. Kijana akanieleza kwamba kila nyumba inafanya hivyo, kwa sababu ya watoto.

Takwimu za hapa zinatisha. Huko Marekani, mtoto mwenye mikrogramu 3.5 za risasi katika desilita moja ya damu anafuatiliwa na wataalamu. Akifika 45 anapewa dawa ya kuitoa mwilini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwapima watoto wadogo wa Kasanda, Makululu na Chowa. Wote walivuka 5, na wako waliopita 100. Risasi hudumaza akili ya mtoto, na akili iliyodumazwa hivyo hairudishwi na dawa.

Uani kulikuwa na mahindi, matembele ambayo huku huitwa kalembula, na maboga ambayo majani yake huitwa chibwabwa. Yote yamesitawi. Nikajiuliza: je, mahindi haya yamejaa risasi kama udongo wake?

Hapana, na sababu yake ni nzuri kuijua. Risasi si kama kadimi. Kwenye udongo inang'ang'ania mfinyanzi, mboji na fosfeti, hivyo ni kidogo tu inayoyeyuka. Hicho kidogo kikifika kwenye mzizi, nyingi yake inanasa kwenye kuta za seli za mzizi wenyewe. Ndani zaidi kuna ukanda kama wa nta unaozunguka mshipa wa kati, na kila kitu kinacholazimika kupita hapo kinachujwa. Punje ya hindi iko mbali, mwisho wa safari ndefu: mzizi, bua, gunzi, punje. Risasi inayofika huko ni kidogo mno. Mmea umefunga mlango wa mbele.

Lakini vumbi lina mlango wake, ule wa tatu. Linashuka kutoka juu. Jani la boga lina vinyweleo, kila kinyweleo kinashika vumbi kama zulia. Mchicha mfupi unarushiwa matope na mvua. Mahindi yaliyofukuza risasi kwa mizizi yanaanikwa chini uani, yanaikusanya upya. Shangazi aliosha chibwabwa mbele yangu mara tatu, akabadilisha maji kila mara. Maji ya kwanza yalitoka mekundu kama chai, ya pili hafifu, ya tatu meupe.

Nikalinganisha na Msimbazi. Kule, kuosha kunasaidia kwa vijidudu na matope, lakini kadimi iliyomo ndani ya jani haitoki kwa maji wala kwa moto. Kuchemsha kunaua vidudu, hakuui metali. Hapa Kabwe, maji matatu yanaondoa sehemu kubwa ya hatari ya mboga. Mboga zilezile, tatizo lileule machoni, lakini dawa ni tofauti kwa sababu metali ni tofauti.

Nilimwuliza shangazi angetaka nini zaidi ya yote. Alijibu na kijana akatafsiri polepole: "Anasema wapimaji wanakuja, wanachota udongo, wanachota damu, wanaondoka. Anataka udongo mpya, lori moja tu, ajaze matuta yake."

Kasumbalesa na Lubumbashi

Kutoka Kabwe nikaelekea mpaka wa Kongo, na kaskazini ya Kitwe nchi inageuka nyekundu. Mpakani Kasumbalesa, malori yamepanga mstari usioonekana mwisho, mengi yamebeba mabamba ya shaba yakielekea kusini na mashariki, na baadhi yake yatafika bandari ile ile niliyoondokea. Shaba inasafiri mpaka Dar es Salaam na kuvuka bahari. Kilichobaki kwenye udongo hakisafiri.

Lubumbashi nilirudishiwa lugha yangu, ikiwa imevaa nguo nyingine. "Jambo sana, papa." Mchicha ni lengalenga, kisamvu ni sombe, ugali ni bukari, udongo ni bulongo. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na bado unaonekana hivyo: bomba la moshi lenye urefu wa karibu mita 150, na kando yake mlima wa masalia ya tanuru. Upepo wa hapa huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo kwa miongo mingi moshi ulilalia upande mmoja wa mji.

Nilikwenda upande huo, Penga Penga. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho hakipo Msimbazi wala Kabwe: ardhi yenyewe ikikataa. Viwanja vya udongo mtupu, mvua imechora mifereji, na miti michache imesimama mbalimbali. Mama aliyekuwa anapita na beseni kichwani alisimama kunisalimia. Nikamwuliza kwa nini hapalimwi.

"Hapa hata majani haiko, papa."

Shaba ni chakula cha mmea, ila ni chakula cha kuonjwa tu. Ikizidi, mzizi ndio unaoumia kwanza: unakuwa mfupi, mnene, wenye ncha nyeusi, bila vinyweleo vya kunyonyea maji. Kisha jani linageuka njano na mishipa inabaki ya kijani, kwa sababu shaba iliyozidi inaunyima mmea chuma cha kutengenezea ukijani wake. Mmea unakufa njaa mezani. Mbegu ikiota hapo, inaishia kwenye majani mawili ya mwanzo.

Na bado Katanga ina mimea iliyoshinda. Kwenye vilima vya madini hustawi mmea mdogo wa jamii ya mrehani, wenye maua ya zambarau, ambao wataalamu wanauita Haumaniastrum katangense, na wengi wanauita ua la shaba. Watafuta madini waliufuata ili kujua palipo na shaba chini. Wanaakiolojia nao waliufuata, kwa sababu unaota juu ya mahali palipokuwa na tanuru za wafua shaba wa zamani, wale waliotengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha kabla Mbelgiji hajafika.

Kwa muda mrefu iliandikwa kwamba mimea ya aina hii inajaza shaba kwenye majani yake kwa kiwango cha ajabu. Watafiti walipopima upya kwa uangalifu zaidi, wakiosha majani vizuri, sehemu ya ajabu hiyo ilitoweka: ilikuwa vumbi la madini lililotua juu ya jani. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka shangazi wa Kasanda na maji yake matatu. Alichokijua yeye jikoni, maabara zilikuja kukijifunza kwa taabu. Mingi ya mimea ya shaba inaishi kwa kuizuia shaba kwenye mzizi isipande juu. Mmoja wao, nyasi nyembamba iitwayo Microchloa altera, watafiti wa Lubumbashi waliipanda Penga Penga pamoja na chokaa na mboji. Haikuondoa shaba. Ilishika udongo usipeperuke, na kwa mji wa vumbi hiyo ni kazi kubwa.

Ila shaba haiko peke yake hapa. Inatembea na kobalti, ambayo Kongo ndiyo inayotoa zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani, kwa ajili ya betri za simu na magari. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga: waliokaa karibu na machimbo na viwanda walikuwa na kobalti nyingi kupita kiasi, wakiwemo watoto ambao hawajawahi kushika sululu. Waliofuatilia baadaye njia inakopitia walikuta mboga na vumbi kati ya njia kubwa.

Wafua shaba wa kale wa nchi hii waliitwa walaji wa shaba. Jina lilikuwa na maana ileile tunayoitumia tunaposema fulani anakula kwa jasho lake: shaba ndiyo iliyowalisha. Usiku ule, nikiwa na sahani ya bukari na lengalenga mbele yangu, nililiwaza jina hilo kwa maana yake ya neno kwa neno, na nikaona limehama. Wale wa zamani walikula kwa sababu ya shaba. Wa leo wanaikuta kwenye mboga.

Kulinganisha

Nimerudi Dar es Salaam, daftari limejaa. Nikiziweka bustani tatu upande kwa upande, naona hivi.

Penga Penga, mmea unapiga kelele. Shaba, na zinki vilevile, huudhuru mmea kabla haijafika kiwango cha kumdhuru sana anayeula. Anayeona jani la njano na mzizi uliodumaa anaonywa bure. Rufus Chaney, mtaalamu wa udongo wa Idara ya Kilimo ya Marekani, alilieleza jambo hili mwaka 1980 kuwa ni kizuizi kati ya udongo na mlaji: mmea unakufa kwanza, na kifo chake kinamlinda mtu.

Kabwe, mmea unafunga mlango. Risasi inazuiwa mizizini, punje inabaki safi kiasi, na hatari iko juu ya jani, kwenye ua, kwenye vidole vya mtoto. Anayeosha, anayemenya viazi, anayeanika mahindi juu ya turubai badala ya chini, amepunguza mengi.

Msimbazi, mmea unanyamaza. Kadimi inapita kizuizi cha Chaney, kwa sababu kiwango kinachodhuru figo za mtu kwa miaka mingi hakitoshi kulinyausha jani. Viwango vya kimataifa vya chakula vinaruhusu miligramu 0.2 tu za kadimi katika kilo ya mboga za majani. Mchicha unaweza kuvuka hapo ukiwa na kijani kilekile kilichonivutia asubuhi ya kwanza. Hapa jicho halisaidii, pua haisaidii, maji matatu hayasaidii. Kinachosaidia ni kipimo.

Na mazao nayo hayalingani. Mboga za majani, mchicha, saladi na chainizi, ndizo zinazopokea kadimi kirahisi. Tumbaku inaipokea zaidi, na mvutaji anaivuta. Mahindi, maharage, nyanya na bamia huweka kidogo kwenye sehemu tunayokula. Udongo wenye asidi unaiachia metali. Chokaa na mboji vinaibana. Mkulima mwenye tuta lenye shaka ana la kufanya hata kabla hajahama: aongeze mboji iliyoiva, atie chokaa kama udongo una asidi, ahamishe majani yake kwenye tuta safi na pale apande bamia au nyanya, na palipo pabaya zaidi apande maua. Dar es Salaam hii hii inauza miche ya maua barabara nzima.

Nilirudi bondeni na jibu. Mama alikuwa palepale, safari hii anapanda chainizi. Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, nikamweleza niliyoyaona: ardhi tupu ya Penga Penga, maji matatu ya Kasanda, wali wa Toyama. Alisikiliza bila kuacha kupanda. Mwisho nikamwambia, "Mama, mmea hunyauka kwa sumu yake, haunyauki kwa sumu yetu."

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza la maana kuliko yote niliyoulizwa safarini: "Basi nani anapima?"

Hilo ndilo swali ninalowaachia wenye mamlaka ya miji yetu. Mkulima wa bondeni hana maabara, hana fedha za kupeleka sampuli, na mto hakuuchafua yeye. Anayemlaumu kwa kumwagilia maji ya Msimbazi huku akiyaacha mabomba ya majitaka yakiendelea kumwaga mtoni, anamlaumu aliyelowa mvua. Udongo wa mabonde yote ya mboga mijini upimwe, tuta kwa tuta, na karatasi ya majibu irudi kwa mwenye tuta kwa Kiswahili anachokielewa: pana metali gani, kiasi gani, apande nini, asipande nini. Palipoharibika kabisa, apewe pengine pa kulima au lori la udongo safi kama lile aliloliomba shangazi wa Kabwe.

Nawe msomaji, kesho ukinunua fungu la mchicha, muulize muuzaji limetoka wapi kabla ya kuuliza bei. Wanunuzi wengi wakiuliza swali hilo kila asubuhi, atatokea mtu atakayelazimika kwenda kupima.